Ofisi ya Maboksi

Habari hizi si za kwetu. Zilitokea nchi nyingine kabisa, ng'ambo huko, na msomaji akiona mtu wa humu amefanana na jirani yake, amsalimie tu jirani na yaishe. Sisi hatumjui mtu.

Katika nchi hiyo Mtukufu Rais aliumwa jino. Kwa kuwa hospitali za nchi yake zilikuwa nzuri mno kuchezewa kwa jino moja, alisafirishwa nje. Katika chumba cha kungojea daktari akaona ukuta umebandikwa michoro ya watoto wadogo: ng'ombe wa kijani, mtu mwenye vidole kumi na vitatu, jua lililovaa viatu. Akauliza kwa nini uchafu ule umebandikwa mahali pa heshima. Daktari akamjibu kwamba ule ndio utajiri wa nchi yao. Watoto wale huachwa wabuni wanavyotaka, na wakikua wanabuni ndege. Rais akatikisa kichwa polepole, maana sindano ya ganzi ilikuwa imeshakolea.

Alirudi nyumbani ganzi haijaisha vizuri, akahutubia Taifa palepale kwenye uwanja wa ndege. "Ndugu wananchi," alisema, "kuanzia leo, kila mtoto wa chini ya miaka sita awe na..." Neno la mwisho likapotelea shavuni. Nusu ya mawaziri walisikia "ubunifu," nusu wakasikia "ubinafsi." Baraza lilijadili siku tatu. Mwishowe wakaafikiana kwamba ubinafsi nchini ulikuwa wa kutosha na akiba ipo, kwa hiyo Mtukufu bila shaka alisema ubunifu.

Hivyo ndivyo ilivyoanzishwa Wizara ya Ubunifu wa Watoto Wadogo. Ilipewa jengo zuri lenye bembea uani, ambamo wanafunzi wa chekechea walitolewa asubuhi ileile ili kupisha juhudi za kuwaendeleza.

*

Watumishi wa wizara mpya walikusanywa kutoka idara mbalimbali. Mmoja wao alikuwa Bwana Burhani Shekibula, mtu wa miaka hamsini na sita, mjane, mpole, mwenye tai mbili. Miaka ishirini na saba alikuwa mkaguzi wa nyama machinjioni. Barua yake ya uhamisho ilieleza kwamba amechaguliwa kwa uzoefu wake wa kutazama kitu, kukigeuza upande wa pili, na kukigonga muhuri.

Akakabidhiwa Mwongozo wa Ubunifu wa Hiari, kitabu cha kurasa mia mbili na kumi na nne. Kanuni ya kwanza ilisema: "Mtoto atabuni jambo ambalo halijawahi kufikiriwa na mtu yeyote, kwa kufuata mfano ulio ukurasa wa arobaini na moja." Ukurasa wa arobaini na moja ulikuwa na nyumba yenye bati jekundu, bendera mlangoni, na jua kwenye pembe ya kulia.

Bwana Shekibula akazunguka nchi. Kwa mwaka mmoja aligonga muhuri nyumba elfu sita zenye bati jekundu. Mahali fulani mtoto mmoja aliweka jua pembe ya kushoto. Mama yake aliitwa shuleni, akalia, akaahidi kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Baada ya kila ukaguzi alijaza fomu yenye visanduku viwili. Akitia alama kwenye "Ubunifu Umebainika," mtoto mhusika alichukuliwa mara moja kupelekwa mji mkuu, kwenye Kituo cha Kuhifadhia Vipaji, ili kipaji chake kisiharibiwe na michezo. Akitia alama kwenye "Ubunifu Haujabainika," chekechea ilifungwa na mwalimu akaachishwa kazi kwa kulihujumu Taifa. Bwana Shekibula alijaza fomu hizo kwa moyo safi. Machinjioni pia vilikuwa viwili: inafaa, haifai. Ng'ombe hakuwahi kumuuliza kama kuna cha tatu.

*

Mwaka wa pili akatumwa Mwisho wa Lami. Mji huo uliitwa hivyo kwa sababu lami iliishia hapo, tena si mjini kwenyewe bali kilomita nne kabla. Dereva wa wizara alisimamisha gari pale lami ilipokoma, akazima injini.

"Mimi nimeandikiwa safari ya lami, Mkaguzi," alisema. "Vumbi halimo kwenye karatasi yangu."

Bwana Shekibula akatembea, mkoba kwapani. Alipofika kwenye banda la chekechea, viatu vyake vilikuwa havijulikani rangi. Alitarajia wimbo wa kumkaribisha, kama kawaida. Badala yake alimkuta mtoto wa kiume wa miaka minne ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni, kofia ya karatasi imemfunika macho.

"Kitambulisho," alisema yule mtoto bila kuinua kofia.

Bwana Shekibula, kwa mazoea, akatoa. Mtoto akakitazama kichwa chini miguu juu, akakirudisha. "Pita. Simu zima."

Ndani hakukuwa na watoto walioketi kwenye mistari wakichora nyumba. Kulikuwa na maboksi. Maboksi ya sabuni, ya biskuti, ya dawa ya mbu, yamepangwa yakawa meza, kabati na madirisha. Watoto kama thelathini walikuwa kazini. Mmoja alizungumza na kiatu alichokibana sikioni: "Haloo! Haloo! Bosi yuko mkutanoni! Hata mimi sijui unaisha lini!" Wengine walipanga foleni, kila mmoja na kisoda mkononi kama namba yake. Nyuma ya boksi kubwa kuliko yote aliketi msichana wa miaka mitano na nusu aliyevaa miwani ya waya isiyo na vioo. Jina lake Nyamizi.

"Namba yako?" Nyamizi alimuuliza Bwana Shekibula.

"Mimi ni Mkaguzi wa..."

"Nimekuuliza namba, sikukuuliza jina."

Mwalimu akaja mbio kutoka nyuma, akijifuta mikono kwenye kanga. Alikuwa mwanamke mwembamba, jina lake Sikujua, na chaki ilimjaa nyweleni kama mtu aliyepita kiwanda cha unga. "Karibu, Mkaguzi, karibu sana. Samahani. Leo wako bize."

"Haya yote, Mwalimu, umewafundisha wewe?"

"Hapana. Mimi niliokota maboksi dukani nikawaachia. Wiki ya kwanza yalikuwa mapango ya simba. Wiki hii yamekuwa ofisi."

Bwana Shekibula akateremsha sauti. "Kuiga ofisi ya Serikali ni kosa, Mwalimu. Ukurasa wa mia na themanini."

"Wataigaje, Mkaguzi? Hawajawahi kuiona. Iliyo karibu iko kilomita sitini, tena imefungwa."

"Sasa wamejuaje habari ya bosi kuwa mkutanoni?"

"Huwasikia wazazi wao wakirudi," alisema Mwalimu Sikujua.

Bwana Shekibula akachukua kisoda, akasimama kwenye foleni ili afikiri. Kusema kweli alijisikia vizuri. Toka atoke machinjioni hajawahi kuwa mahali anapopaelewa kiasi hiki.

*

Mbele yake foleni ilikwenda kwa kasi ya kutia shaka. Mtoto mmoja aliomba kibali cha kwenda mwezini. Nyamizi alimuuliza atarudi saa ngapi, akagonga karatasi kwa muhuri wa kiazi uliochovywa kwenye maji ya mkaa, akampa. Mwingine alidai mdogo wake abadilishwe awe mbuzi. "Mdogo wako amekubali?" Hajakubali. "Mlete mwenyewe."

Wakati huo akapita nje mama mmoja anayeitwa Mama Siwema, ndoo ya maji kichwani na nyingine mkononi. Alikuwa ametoka mtoni, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili na nusu kurudi, kwa kuwa kurudi kuna maji. Alichungulia dirishani, akacheka.

"Nyamizi mwanangu, leo umekuwa bosi?"

"Shikamoo mama. Ingia. Una shida gani?"

Mama Siwema akatua ndoo, akaingia kwenye mchezo kwa furaha. "Shida yangu bomba, mheshimiwa. Bomba la mtaa."

"Lina nini?"

"Halitoi maji."

"Kwa nini?"

Mama Siwema akafungua mdomo kujibu, akaufunga. Akaangalia juu, kama jibu limeandikwa kwenye makuti. "Sijui," alisema hatimaye. "Tumeandika barua kumi na saba. Wakajibu suala linashughulikiwa. Lakini kwa nini halitoi, hapo... hapo hakuna aliyeuliza."

"Basi twende tukaangalie," alisema Nyamizi, na kuvua miwani.

Ofisi nzima ikasimama. Aliyekuwa na simu akaivaa mguuni. Bwana Shekibula alibaki ameduwaa. Miaka ishirini na nane ya utumishi, na hakuwahi kuiona ofisi ikitoka kwenda kuangalia kitu.

*

Bomba lilikuwa kando ya uwanja wa mpira. Lilijengwa miaka kumi na moja nyuma, likasakafiwa vizuri, likazungushiwa ukuta mdogo wa chokaa. Kwenye koki yake kubwa ulifungwa utepe wa rangi za Taifa, ambao jua lilikuwa limeufanya wa rangi moja. Kibao kilisimama pembeni: BOMBA HILI LITAFUNGULIWA NA MGENI RASMI TAREHE, halafu nafasi tupu. Kila Jumamosi Mtendaji wa Kata alikuja kulifuta vumbi. Watu wa Mwisho wa Lami walikuwa wakipita hapo na ndoo zao kwa adabu, na wengine walivua kofia.

Nyamizi akazunguka bomba mara moja. "Limefungwa," alisema. "Na kitambaa."

"Huo ni utepe," alieleza Bwana Shekibula, "na haukatwi ovyo. Unamsubiri mgeni rasmi."

"Mgeni rasmi ndiye nani?"

"Ni mtu mkubwa, anayetoka mbali, amevaa tai."

Watoto thelathini na wawili wakageuka wote kwa pamoja, wakamtazama.

"Mimi siye!" alisema Bwana Shekibula.

"Umetoka mbali?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na tai hiyo hapo," alisema yule mlinzi mwenye kofia ya karatasi.

"Wanangu, sikilizeni. Sina mamlaka. Mamlaka ni kitu kinachotolewa kwa maandishi na kugongwa muhuri."

Nyamizi akafikiri. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kiazi, akakipulizia pumzi kama alivyosikia wanavyofanya wakubwa. Akashika mkono wa Mkaguzi, akaugonga nyuma ya kiganja. Paa!

"Sasa unayo," alisema.

Bwana Shekibula akautazama mkono wake. Muhuri ulikuwa umetoka safi, mviringo, bila kuvuja. Mihuri ya wizarani haikuwa hivyo. Alikuwa mtu aliyeishi maisha yake yote akiamini mihuri, na huu nao ulikuwa muhuri. Mwalimu Sikujua alikuwa amesimama mbali kidogo, mkono mdomoni. Mama Siwema hakuwa anacheka tena. Mtoto mmoja akamnyooshea mkasi wa chekechea, ule wenye ncha butu wa kukatia karatasi.

Utepe haukukatwa, kwa kweli, ulitafunwa. Ulipoachia, watoto wakaizungusha koki, sita kwa pamoja. Bomba likakohoa. Likatoa kutu, likatoa mjusi mmoja aliyeshangaa, likatulia. Halafu maji yakaja.

Maji hayo yalikuwamo muda wote.

Mama Siwema akaenda kwenye ile ndoo yake ya mtoni, akaimwaga chini yote, taratibu, akaileta bombani na kuikinga.

*

Baada ya dakika ishirini Mtendaji wa Kata alikuwa amepiga simu mkoani kutoa taarifa kwamba maji yametoka bila kibali. Mkoa ukaamuru yarudishwe yalikotoka hadi uchunguzi ukamilike. Lakini wanawake wa Mwisho wa Lami walikuwa wamekwisha kuketi juu ya koki kwa zamu, na Mtendaji akaona ni busara kwenda kuandika taarifa ya pili akiwa nyumbani.

Bwana Shekibula alirudi bandani, watoto wakiwa wamekwenda kuoga kwa mara ya kwanza katikati ya wiki. Akaketi mbele ya boksi kubwa, akafungua fomu. Mwalimu Sikujua akamletea chai, akaketi upande wa pili.

"Unaandika nini, Mkaguzi?"

"Kuna visanduku viwili tu."

"Ukiandika haujabainika?"

"Banda litafungwa. Na wewe utafute biashara ya maandazi."

"Na ukiandika umebainika?"

"Watakuja kumchukua Nyamizi. Keshokutwa, labda siku inayofuata."

Mwalimu akazungusha kikombe mikononi. "Umewapeleka wangapi huko Kituoni?"

"Tisa."

"Wakoje?"

"Mwezi uliopita nilimwona mmoja. Nilipomkuta kijijini alikuwa mchekeshaji, akiigiza sauti ya kila mtu, hata ya mwenyekiti. Sasa anachora nyumba nzuri sana. Nilimtania kidogo, nikaona anataka kucheka." Akanywa chai. "Alinyoosha mkono kwanza, akasubiri aruhusiwe."

Maji yalisikika kutoka uwanjani.

"Mkaguzi," alisema Mwalimu, "mimi maandazi nitakaanga. Andika haujabainika. Mtoto abaki kwao."

Hapo Bwana Shekibula akahisi kitu kikitembea kichwani mwake. Alidhani ni malaria. Akajigusa paji la uso, hakuna homa. Kile kitu kikaendelea kutembea, kikafika kwenye mkono, na mkono ukaanza kuandika, si kwenye kisanduku cha kwanza wala cha pili bali chini yake, kwenye pengo jeupe ambalo mtu hajawahi kulitumia.

"Chekechea iliyotajwa haipo," aliandika. "Kilichopo mahali hapa ni ofisi ndogo ya Serikali yenye watumishi thelathini na wawili, wachapakazi, wafupi kidogo kwa sababu ya lishe. Kwa kuwa Wizara hii hukagua watoto na haikagui ofisi, sina zaidi. Pia naripoti kwamba bomba la maji limefunguliwa rasmi na Mheshimiwa Waziri, aliyehudhuria kwa maono yake, mimi nikiwa mkono wake tu."

Akamsomea Mwalimu Sikujua. Mwalimu akacheka hadi chai ikampalia, kisha akaanza kulia, kisha akacheka tena.

*

Waziri wa Ubunifu, Mheshimiwa Daktari Gongoti, alikuwa na utaratibu wa kusoma katika taarifa sentensi zile tu zenye cheo chake. Kwa hiyo alisoma ile ya mwisho, akaipenda, akaamua kwenda Mwisho wa Lami kupongezwa kwa kuwa alishakwenda.

Lami ikaongezwa kilomita nne kwa siku tisa. Waziri akafika na magari kumi na manne, akapanda jukwaani kando ya bomba.

"Ndugu zangu!" alisema. "Niliposimama hapahapa mwezi uliopita, nikiwa sipo, nilijiuliza: je, wananchi hawa wananiona? Na ninyi kwa ukomavu wenu wa kisiasa mkaniona! Wapo viongozi wanaofika mahali na maji hayatoki. Mimi sikufika, na maji yakatoka. Sasa jiulizeni wenyewe, nisingefika kabisa ingekuwaje?"

Wananchi wakapiga makofi kwa dhati, kwa kuwa swali lilikuwa zuri.

Kisha akataka kuitembelea ile ofisi ndogo ya Serikali. Bwana Shekibula, aliyekuwa kwenye msafara, akajisogeza nyuma ya gari la mwisho. Lakini waheshimiwa wa nchi ile wamezoea kutazama mbele na juu. Chini huwa hawana shughuli. Na Waziri alivaa miwani nyeusi.

Mlinzi alimdai kitambulisho. Waziri akafurahi. Akapewa kisoda, akasimama kwenye foleni nyuma ya msichana mwenye kikohozi. Akafurahi zaidi. "Nidhamu ya hali ya juu," alimnong'oneza katibu wake. "Ni wafupi kweli. Andika: biskuti za lishe kwa watumishi hawa, katoni thelathini na mbili, haraka."

Zamu yake ikafika.

"Una shida gani?" aliuliza Nyamizi.

"Shida?" Waziri akatabasamu kwa ajili ya kamera. "Mimi? Mimi sina shida yoyote."

"Basi toka kwenye foleni. Wenzako wana shida."

Mtendaji wa Kata akafumba macho. Katibu akaacha kuandika, kalamu hewani. Waziri akageuka taratibu kuutazama msafara wake.

"Mnaona?" alisema. "Hivi ndivyo ninavyotaka Serikali nzima izungumze na wananchi."

Akatoka kwenye foleni.

*

Nyamizi hakuchukuliwa. Biskuti zikaja, na hakuna mkaguzi mwingine aliyetumwa Mwisho wa Lami, kwa sababu ofisi za Serikali katika nchi ile hazitembelewi na mtu. Kama mambo yangeishia hapo, Bwana Shekibula angestaafu kwa amani na tai zake mbili.

Lakini wizarani palikuwa na karani wa masijala, mtu makini. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila taarifa inafanana na iliyotangulia. Siku moja akaleta taarifa ya Mwisho wa Lami mbele ya Kamati ya Maadili, ameishika kwa ncha za vidole.

"Waheshimiwa, humu mna sentensi ambazo hazimo katika faili lolote. Nimetafuta toka tupate uhuru."

Bwana Shekibula akaitwa. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mtu wa upole wa kuogopesha.

"Bwana Shekibula, sentensi hizi umezinakili wapi?"

"Sikunakili, Mwenyekiti."

"Alikutungia nani?"

"Nilibuni."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akavuta kiti chake nyuma kidogo, asije akaambukizwa.

"Bwana Shekibula, una miaka mingapi?"

"Hamsini na saba sasa."

"Tamko la Mtukufu linasema wazi: watoto wa chini ya miaka sita. Wewe umepatikana na ubunifu ukiwa umeuzidi umri huo kwa miaka hamsini na moja, tena saa za kazi, tena bila idhini ya mzazi. Unaye mzazi hapa?"

"Walishafariki, Mwenyekiti."

"Hapo unazidi kujiharibia." Mwenyekiti akakunja mikono. "Sikiliza, ndugu yangu. Sote hapa tunakupenda. Mambo haya huwa hayaanzi yenyewe. Mtu anayapata kwa mtu. Tunajua kule kuna mwalimu mmoja. Sema tu kwamba alikuandikia yeye, ukasaini bila kusoma. Kusaini bila kusoma si kosa, sote tunafanya. Utastaafu salama, na huyo mwalimu tutamshughulikia."

Fomu ikasukumwa mezani. Ilikuwa na visanduku viwili: "Aliandikiwa" na "Aliandika Mwenyewe." Cha kwanza kilikuwa kimeshatiwa alama kwa penseli, ili asipate taabu.

Bwana Shekibula akaitazama kwa muda mrefu. Katika nyumba elfu sita alizogonga muhuri, hakukumbuka hata moja. Ile aya iliyoandikwa kwenye pengo jeupe aliikumbuka neno kwa neno, hata mahali alipokosea akafuta.

"Ni yangu," alisema.

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Ndiyo kesi yenyewe, Mwenyekiti. Ni yangu, na mwalimu hakuongeza hata nukta. Alileta chai tu."

Walimfukuza kazi siku hiyohiyo, bila pensheni. Jioni redio ikatangaza kwamba lengo la ubunifu kitaifa limefikiwa kwa asilimia mia moja na nne.

*

Wiki iliyofuata alipanda basi hadi Mwisho wa Lami, sanduku moja mkononi. Hakujua anakwenda kufanya nini. Alijua tu kwamba kwingine kote anajua mno atakachoambiwa afanye.

Nje ya banda alikuta watu wazima kama kumi na watano wamesimama na bahasha zao, wamenuna. Wengine walitoka wilaya ya jirani.

"Ofisi imefungwa," mmoja alimweleza kwa uchungu. "Hata siku tatu hazikutolewa za taarifa. Tunaambiwa imeisha."

"Imeisha vipi?"

"Imeisha tu! Eti sasa ni kuku."

Mama Siwema alikuwa miongoni mwao, bahasha mkononi. Zahanati ya kata ilikuwa imejengwa miaka sita nyuma, na mlango wake haujawahi kufunguliwa; alikuja kulalamika. Akabaki anaitazama bahasha, kisha akawageukia wenzake. "Hivi," alisema polepole, "ule mlango umefungwa kwa nini?" Wakatazamana. Muda si muda wakaondoka wote, na Bwana Shekibula akamwona Mama Siwema akipitia kwanza dirishani kuazima mkasi.

Ndani, kabati na madirisha ya ofisi yalikuwa yamebomolewa. Maboksi yote yalikuwa yameunganishwa kwa kamba na uji wa unga kuwa kuku mmoja aliyefika darini, mwenye mlango tumboni. Mwalimu Sikujua alikuwa juu ya ngazi akimbandika kuku upanga wa kichwani. Alipomwona akashuka haraka mpaka akakosa kipandio.

"Shekibula! Wamekufanya nini?"

"Wamenipa likizo ndefu, Mwalimu."

Akataka kusema zaidi, lakini Nyamizi alikuwa amekwisha kumshika mkono na kumvuta hadi ubavuni mwa kuku, mahali palipokuwa wazi.

"Simama hapa," alisema. "Boksi zimetuishia. Wewe ni bawa."

Bwana Shekibula akaweka sanduku chini, akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, akisubiri maelekezo. Hayakuja. Nyamizi alikuwa anaondoka.

"Nifanye nini sasa?" akauliza.

"Mimi nitajuaje?" alisema Nyamizi. "Bawa ni wewe."

Alisimama hivyo kitambo, jasho likimtoka. Kisha akanyanyua mkono mmoja, kidogo tu, akautazama, akaunyanyua zaidi. Kuku mzima akalalia upande. Watoto waliokuwa tumboni wakapiga kelele kwamba anaruka, anaruka, shikeni!